Kioo Nilichokiosha kwa Mgomba

Nshamba, Alhamisi asubuhi

Mwanangu Mutalemwa,

Najua utacheka ukiliona neno hilo la kwanza. Wewe una miaka kumi na tisa, mimi kumi na saba, na tukisimama pamoja nakufika begani tu. Lakini siku tuliyomzika baba yako, ambaye ni kaka yangu mkubwa, wazee walinikalisha mbele yako kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, wakakuambia kwamba shangazi ni baba wa kike, na kwa kuwa Babu yako ana binti mmoja tu, baba huyo ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinitazama ukauliza, "Huyu? Huyu anaogopa hata kuku." Watu walicheka ingawa ilikuwa siku ya msiba. Tangu hapo hujaacha kunitania. "Shikamoo, baba," unasema, na unapiga goti katikati ya njia ili wenzangu waone.

Leo nataka kuwa hicho ulichokuwa ukikitania. Umekwenda Buganguzi kumuaga mama yako, na hutarudi mpaka saa nane, watu watakapokuja kula na kukuaga. Nina nafasi ya kuandika. Nyumbani tunasemezana Kihaya, lakini kuandika nimefundishwa kwa Kiswahili, na nilicho nacho leo lazima nikione kwenye karatasi kabla hakijatoka mdomoni. Unanijua.

Sitakuambia ule vizuri wala ufue nguo zako. Bibi yako amekwisha kukuambia hayo mara tatu, na kesho atakuambia tena ukiwa umeshapanda gari. Nina neno lingine.

Juzi ulinipa leseni yako nikuwekee sandukuni. Ulisema umewaandikia watu wa gereji kule Mwanza kwamba unataka kazi ya kuziba tairi tu, usukani hutaki. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Mikono yangu si ya kuaminiwa, Shangazi." Hukucheka uliposema hivyo. Nimeiweka leseni ndani ya bahasha hii, na hapa chini nitakueleza kwa nini nakurudishia.

Mikono yako haikukosea siku ile. Nilikosea mimi, nami nimelificha jambo hilo miezi saba.

Unaikumbuka asubuhi yenyewe. Ulikuja na Landrova ya Bwana Ramadhani kutoka Bukoba, ukiwa dereva wake bado, na alikuruhusu unichukue mimi na Babu yako mnipeleke shule kwa muhula wangu wa mwisho. Mpira wa waipa ulikuwa umekauka kwa jua, umepasukapasuka kama kisigino, na Bwana Ramadhani alikupa mpya kutoka duka la Mhindi. Babu yako aliketi mlangoni mwa kibanda chake cha kuziba tairi akikuangalia. Nilikuwa nafunga sanduku langu, lakini niliona kila kitu. Ulivuta mpira wa zamani, ukasafisha mfereji wa bati kwa ncha ya kisu, ukauingiza mpya taratibu toka upande mmoja, ukabana meno ya bati mwishoni usije ukachomoka. Kisha ulimwaga maji ya kibuyu kwenye kioo, ukawasha waipa, ukatazama, ukazima. Ulifanya hivyo mara tatu. Mpira ulipita na kioo kikabaki safi.

Babu yako alisema, "Basi, njoo ule. Utaumaliza mpira wa watu kabla ya mvua." Mkaingia ndani.

Mimi nikabaki na gari. Lilikuwa na vumbi na alama za vidole vya watoto waliolizunguka. Nilitaka ling'ae. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nakusaidia. Nilitaka wasichana wenzangu wanione nikishuka kwenye gari safi. Sabuni ilikuwa imekwisha. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakata kipande cha mgomba uliokwisha kuvunwa, kile chenye maji mengi tunachonawia mikono kabla ya kula. Nikakiosha kioo chote, ndani ya mstari wa waipa na nje yake, nikakausha kwa jani. Kiling'aa hasa. Ulipotoka ulisema, "Leo baba amefanya kazi," nami nikafurahi.

Utomvu wa mgomba ukikauka kwenye nguo unajua unavyokuwa. Kila mtoto wa Kihaya amechapwa kwa sababu ya doa hilo. Lakini sikufikiri kuhusu kioo. Kwenye mikono huwa unatoka.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa Muhutwe. Nilikuwa nyuma, juu ya sanduku, nimekumbatia mkungu wa ndizi, na turubai lilikuwa likipiga kelele hata sikuweza kusikia mliyosema huko mbele. Nilichokuwa nikiona ni kioo. Waipa ilipopita mara ya kwanza iliacha ukungu. Mara ya pili ukungu ukawa mweupe, ukajikusanya kama povu la uji. Kila ilipopita ilipaka, haikufuta. Hapo hapo nilijua ni kitu gani. Nilifungua mdomo. Mbele yangu palikuwa na mgongo wa Babu yako na kofia yake, na nikajiuliza nitaanzaje. Wakati natafuta neno la kuanzia, gurudumu la kushoto liliingia mtaroni.

Yaliyofuata ulikuwepo. Mkono wa Babu yako ulivunjika kwa kugonga chuma cha mbele. Jiwe lilichana tairi ubavuni kwa urefu wa kiganja. Nataka tu nikuambie nilivyokuona wewe, kwa sababu nadhani hukujiona. Ulimfunga Babu yako mkono kwa kanga yangu kwanza, kabla ya kulitazama gari. Ulitia mawe nyuma ya magurudumu yasirudi. Uliweka jeki ikazama matopeni, ukaitoa, ukaweka tena, ikazama tena. Babu yako alikuwa ameketi ukingoni akiumia, na maumivu yalimpa maneno.

"Waipa imekushinda, sasa na jeki?"

"Ardhi ni laini, Babu."

"Ardhi! Kesho utasema mvua ni maji."

Ulinigeukia ukasema, "Baba, nipe kifuniko cha sanduku lako." Nikakupa, ukakilaza chini ya jeki, gari likainuka. Ulilegeza nati kabla gurudumu halijaacha ardhi, ukavisha tairi la akiba, ukazirudisha nati kwa kuvuka, hii na ile iliyo mkabala wake, kama Babu yako anavyofundisha. Ulipojaza upepo kwa pampu ya mkono ulihesabu kwa sauti, na mimi nikahesabu nawe kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Baada ya mwendo mfupi ulisimama, ukashuka kwenye mvua kukaza nati upya. Mtu mwenye mikono isiyoaminika hashuki.

Ningeweza kusema siku ile. Nilijiambia Babu yako anaumwa, nisimwongezee.

Siku tatu baadaye, shule ikiwa imenipa ruhusa kurudi kumwangalia, nilitumwa mafuta ya taa dukani hapa Nshamba. Wazee walikuwa barazani wakitafuna kahawa. Wewe ulisimama mlangoni. Mzee Kaijage, jirani yetu ambaye hapitwi na habari, aliuliza, "Mbona Bwana Ramadhani ametafuta dereva mwingine?"

Babu yako, mkono shingoni, akajibu mbele ya wote, "Kijana hawezi kufunga waipa. Mpira mwembamba kama mkia wa panya umenivunja mkono."

Wakacheka. Kaijage akasema, "Mpeni jembe, lile halina waipa."

Nawe ukasema, "Ndiyo, Babu."

Nilikuwa nimeshika chupa yangu ya mafuta, hatua nne kutoka kwako. Kule mteremkoni sikupata muda wa kusema. Pale dukani nilikuwa na muda wote, na ndiyo maana naona lile la dukani ni baya zaidi.

Niliporudi shuleni nilifanya jambo ambalo hakuna aliyejua. Nilikata kipande cha mgomba kwenye shamba la shule, nikaosha kioo cha dirisha la bweni, nikangoja kikauke. Kisha nikamwagia maji na kupitisha kipande cha mpira wa tyubu. Kikawa cheupe vile vile. Nikaosha kingine kwa maji matupu, nikapitisha mpira ule ule. Kikabaki safi. Nilirudia siku ya pili ili niwe na hakika. Kwa hiyo sikuambii haya ili kukufariji, nakuambia nilichokiona.

Sasa sikiliza niliyojifunza, mengine kwenye gari na mengine kwangu mwenyewe, maana siwezi tena kuyatenganisha.

Waipa ikipaka badala ya kufuta, usianze kujilaumu wewe wala mpira. Simamisha gari, gusa kioo kwa kidole, nusa. Uliza nani amekigusa. Huko Mwanza watakuwepo watu wa kukipaka mafuta, watu wa kukipaka tumbaku, kila mmoja na dawa yake ya mvua. Waulize bila kuwakasirikia, maana ukiwakasirikia watafanya kama mimi.

Mpira wa waipa ukiisha usikubali kukatiwa wa tyubu. Babu yako amewahi kuwafanyia watu hivyo, na wote walirudi.

Na kuhusu tairi kuna jambo moja ambalo sikuwahi kukuambia. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili Babu yako aliniachia baiskeli ya mwalimu wa dini. Nilitafuta tundu kwenye beseni la maji, nikasugua, nikabandika kiraka, nikakibana mpaka kikashika. Kilikuwa kiraka kizuri. Nikarudisha tyubu bila kupitisha vidole ndani ya tairi. Mwalimu alirudi baada ya muda mfupi anasukuma. Babu yako alitia mkono ndani akatoa mwiba, akaniwekea kiganjani.

"Huu ni mwiba wa pili?" aliuliza.

"Hapana, waitu," nikajibu kwa heshima. "Ni ule ule."

"Kwa hiyo uliona tundu, ukaziba tundu. Aliyetoboa ukamwacha ndani."

Alinifanya nikae na mwiba ule mkononi mpaka jioni. Nimeukumbuka sana miezi hii. Ulipofukuzwa kazi nilikushonea shati. Ulipoacha kula pamoja na wazee nilikuletea chakula jikoni. Hivyo vyote vilikuwa viraka. Sikutia mkono ndani.

Leo asubuhi nimetia. Ulipoondoka tu kwenda Buganguzi nilimfuata Babu yako kibandani. Alikuwa anashindana na tairi la lori kwa mkono wake mzima, ule mwingine akiulaza tu juu ya mpira uwe mzito. Nilipiga magoti mbele ya baba yangu.

"Tata, waitu, nina neno."

"Sema, nasikia."

"Kile kioo. Nilikiosha kwa mgomba."

"Kioo kipi?"

"Cha Landrova. Siku ile."

Aliweka chuma chini. "Kwa mgomba."

"Ndiyo, waitu."

"Sabuni ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imekwisha."

Nilitazama mkono wake, ule ambao haunyooki tena, nikangoja anipige au anifukuze. Nadhani ningepumua kama angenipiga. Mwishowe akasema, "Umeniambia mimi peke yangu. Yule nilimsema watu wakiwa wamejaa baraza. Leo Kaijage na wenzake wanakuja kumuaga. Utasema mbele yao."

"Siwezi, Tata."

"Basi umenitwisha mimi. Nami sikukiosha."

Akarudi kwenye tairi lake. Nikarudi ndani, nikachukua karatasi. Ndiyo maana barua hii ni ndefu. Naandika ili kama sauti ikinikataa saa nane, uwe na maneno yote hapa. Lakini sitaki ikukute barua peke yake. Walicheka kwa sauti, na karatasi utakayoisoma peke yako ndani ya meli ya kwenda Mwanza haiwezi kukifuta kicheko kile.

Naacha kidogo. Bibi yako ananiita nikamenye ndizi.

*

Jioni, jua bado lipo

Mwanangu, ulikuwepo, kwa hiyo sitakusimulia yote. Nitakuambia tu ilivyokuwa kwa upande wangu. Watu walipokwisha kunawa nilisimama karibu na mlango wa jikoni, na nyasi zilikuwa kama zinatembea chini ya miguu yangu. Nilisema mara ya kwanza, na hakuna aliyesikia. Mzee Kaijage akapaza, "Sauti, binti! Au unamuaga kwa minong'ono?" Nikasema tena. Nilisema waipa ilifungwa vizuri, kioo nilikiharibu mimi kwa mgomba, nililijua hilo tangu mteremkoni, na nilinyamaza mteremkoni na dukani. Sikusema vizuri kama nilivyoandika. Nilirudia neno mgomba mara nyingi.

Kaijage aliacha kutafuna. "Kwa hiyo lile jembe nimpe nani?" akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akaona haya.

Wewe ulinitazama muda mrefu. Hukuniita baba wala shangazi. Ukaweka chini kikombe chako, ukatoka nje. Sikukufuata. Najua una haki ya kukasirika, nami sikusimama pale ili nisamehewe siku hiyo hiyo. Ukitaka kukaa na hasira mpaka Mwanza na zaidi, kaa nayo. Leseni yako tu usiiache.

Lakini kuna jambo hukulisikia, na ndilo limenirudisha kwenye karatasi. Ulipotoka, watu wote walimgeukia Babu yako wakimngoja anikemee. Hakunikemea. Alisema, na nimeyashika maneno yake kama alivyoyatamka:

"Binti amesema lake. Na mimi lipo langu. Kijana aliniambia, 'Babu, sioni, nisimame?' Nikamwambia, 'Endesha, mtoto atachelewa shule.' Aliniuliza mara mbili. Mara mbili nikamwambia endesha."

Bibi yako alishika kinywa. Kaijage akauliza, "Na kijana hakusema, miezi yote hii?"

"Hakusema. Angenisemaje mimi mbele yenu?"

Mutalemwa, nilikuwa nyuma kwenye kelele za turubai, sikuwahi kulijua hilo. Nimekaa miezi saba nikidhani ni mimi peke yangu niliyenyamaza ndani ya gari lile. Kumbe na wewe ulinyamaza, ila mimi nilijificha mwenyewe, na wewe ulimficha mzee wako. Sijui kama ulifanya vema. Pale dukani ulisema "Ndiyo, Babu" ukimtazama usoni, naye alijua unachokijua. Naona sasa kwa nini hamkuweza kula pamoja tena.

Nikuombe jambo moja kama baba wa kike, na sitaomba lingine. Heshima uliyompa Babu yako usimpe mwingine yeyote aliyeketi pembeni yako kwenye gari, awe tajiri, awe Mzungu, awe nani. Wao wakisema endesha na wewe huoni, gari limo mikononi mwako.

Landrova ya Bwana Ramadhani itafika kesho alfajiri kukuchukua mpaka Bukoba, na dereva wake mpya. Babu yako ametuma mtu asubuhi hii, kabla hata sijajua kama nitaweza kusimama, kumwambia Bwana Ramadhani kwamba dereva huyo atapanda nyuma mpaka Bukoba, kisha ndiye atakayeturudisha, naye amekubali. Utaendesha wewe. Babu yako atakaa pale pale alipokaa siku ile, nami nitakaa nyuma. Kioo nimeshaagiza kisiguswe na mtu.

Mawingu yamekaa upande wa Muhutwe. Ukiona huoni, simama. Tutakungoja.

Shangazi yako na baba yako,
Kokugonza